Mapinduzi ya uchapaji ni nini?

Ukikuta maneno "mapinduzi ya uchapaji" katika kitabu cha historia, yanahusu mageuzi yaliyoingia Ulaya tangu miaka ya 1450, pale Johannes Gutenberg, fundi wa Mainz huko Ujerumani, alipoanza kupiga chapa vitabu kwa herufi za madini. Uchapaji wenyewe haukuwa mgeni duniani. Wachina na Wakorea walikwisha kumtangulia. Yeye alisubu herufi mojamoja kwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, akapata wino wa mafuta unaoshika kwenye madini, akatumia shinikizo la skrubu mfano wa lile la kukamulia zabibu. Ukurasa ukishachapwa, herufi zinafumuliwa na kupangwa upya kwa ukurasa mwingine. Kufikia 1455 hivi, Biblia zake zipatazo 180 zilikuwa tayari.

Wengi huishia hapo, kwenye wingi wa vitabu na kushuka kwa bei yake. Mimi naona lililo zito zaidi ni kufanana. Vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono havikuwa pacha: mnakili huyu karuka mstari, yule kasoma neno vibaya. Sasa tabibu wa Paris na mwenzake wa Venice waliweza kufungua ukurasa uleule, wakatazama mchoro uleule wa mwili wa binadamu, wakabishana kwa barua. Kosa likigunduliwa, toleo linalofuata linalirekebisha.

Dini nayo ilitikisika. Hoja 95 za Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, za mwaka 1517, za kupinga biashara ya rehema (hati za Kanisa Katoliki za kupunguziwa adhabu ya dhambi), zilisambaa haraka kwa sababu wachapaji waliona zinauzika. (Hati za rehema zenyewe zilikuwa zikichapwa Mainz tangu 1454. Mchapaji alikuwa mfanyabiashara, basi.) Mwaka 1522 Luther akatoa Agano Jipya kwa Kijerumani, watu wakalisoma kwa lugha ya nyumbani.

Ila kufanana huko kulizidisha makosa pia. Mwaka 1631, huko London, wachapaji wa mfalme walitoa Biblia ambayo amri ya zinaa ilikosa neno moja dogo la kukanusha. Kwa Kiswahili ni kama "usizini" idondoshe silabi ya pili: "uzini". Mnakili wa mkono angeharibu kitabu kimoja. Hawa waliharibu toleo zima, wakatozwa faini ya pauni 300.