Umeme Kuzidi Rufiji Si Umeme Kufika Moshi

Jumamosi iliyopita, katika kikao cha harusi ya mpwa wangu hapa Moshi, taa zilizimika kabla mhazini hajamaliza kusoma orodha ya ahadi, na ukumbi mzima ukanigeukia mimi. "Injinia, si mlitangaza kwamba umeme umezidi? Bwawa limejaa, mitambo ipo, sasa mnatunyima kwa nini?" Swali hilo nimeulizwa msibani, kwa kinyozi na ndani ya daladala za Arusha, nami nimechoka kulijibu kwa mdomo. Kwa taarifa ya wanakamati, taa za siku ile zilizimwa na tawi la mparachichi lililoangukia waya wa kilovolti 33, jambo ambalo hata mabwawa kumi yasingelizuia.

Wengi huifikiria gridi, yaani mtandao wa taifa wa kusafirisha umeme, kama tangi la maji, ambalo likishajaa kila bomba hutoa. Gridi haina tumbo. Umeme unaozalishwa sekunde hii hutumika sekunde hii hii. Ukizidi, masafa, yaani idadi ya mitetemo ya umeme kwa sekunde, hupanda juu ya hezi 50, ukipungua hushuka, na relei, vifaa vya ulinzi vinavyokata umeme vyenyewe, hazisikilizi utetezi wa mtu. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, nami sibishani na hata megawati moja kati ya hizo. Ila ziko Rufiji. Kwa miaka mingi njia za kutufikia huku kaskazini zilikuwa mbili: ya kilovolti 132 inayotoka Hale kupitia Same hadi Kiyungi hapa Moshi, na ya kilovolti 220 inayotoka Singida kupitia Babati hadi Njiro, Arusha.

Habari ya upotevu, yaani umeme unaogeuka joto njiani, haihitaji maneno mengi. Upotevu hufuata mraba wa mkondo, na msongo (volteji) ukipanda mkondo hupungua, kwa hiyo mzigo ule ule ukipandishwa kutoka kilovolti 220 hadi 400 kwenye nyaya zile zile, upotevu hushuka chini ya theluthi moja.

Kinachoniudhi ni kwamba hata wasomi huishia hapo, kana kwamba hasara ya upotevu ndiyo ugonjwa wote, wakati ugonjwa mkubwa wa njia ndefu ni msongo kutotulia. Usiku wa manane, viwanda na hoteli vikiwa vimelala, njia yenyewe hugeuka kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji na kuinua msongo, na msongo wa mwisho wa njia huweza kuupita ule wa mwanzo, hata tukalazimika kuweka riakta, koili kubwa za kuushusha. Saa mbili usiku, jiji zima likiwa limewasha majiko na televisheni, njia hiyo hiyo huuburuza msongo chini, na sasa tunatafuta kapasita za kuuinua. Waya unaweza kuwa bado haujapata joto la maana, lakini njia imekwisha kufika kikomo cha msongo. Kwa hiyo wazo la kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, lililozua kelele nyingi mwaka 2025, silioni kuwa wazimu: njia ya kilovolti 400 kutoka Singida kupitia Arusha na Namanga hadi Isinya, Kenya, inatupa chanzo cha pili upande wa pili wa mkoa, na msongo unaoshikwa ncha zote mbili hutulia.

"Basi wekeni sola." Tutaweka, lakini anayesema hivyo aje kuutazama mlima asubuhi ya Julai, kama atauona kwa mawingu. Jua la uhakika liko Singida, Dodoma na Shinyanga, ambako mradi wa Kishapu umepangwa kufikia megawati 150, hivyo tunarudi kwenye njia zile zile. Isitoshe, inveta za kawaida, vifaa vinavyogeuza umeme wa sola ili uingie kwenye gridi, hazina rota nzito, yaani sehemu ya mtambo inayozunguka, ya kuzuia masafa yasiporomoke ghafla. Rota hizo ziko kwenye mabwawa, ambayo pia yanaweza kutunza maji mchana jua likifanya kazi, kisha yakayaachia jioni.

Hapo ndipo penye shaka yangu. Mwaka wa ukame, jua huwa tele na maji huwa haba, yaani mshirika tunayemtegemea kuibeba sola hudhoofika wakati inapotakiwa kubebwa zaidi. Betri kubwa zinaweza kusaidia saa za jioni, si msimu mzima. Na kuungana na jirani kunatukinga hadi siku hitilafu yake itakapotuyumbisha sisi. Nimeziunga mkono njia hizi kila nilipoulizwa, na bado nikilala nawaza hilo.

Mhazini ameniomba jenereta kwa ajili ya siku ya harusi. Nimekubali, maana mparachichi bado haujapunguzwa matawi.