Dawa za kansa zinazotoka baharini: majibu kwa maswali ninayoulizwa sana huku Mtwara

Ni kweli baharini kuna dawa ya kansa?
Kweli kabisa. Sitarabini, inayotibu kansa ya damu, ilianzia kwa sifongo (mnyama wa baharini anayeganda sehemu moja) wa bahari ya Karibi na Marekani waliiruhusu mwaka 1969. Eribulini ya kansa ya titi iliyosambaa, asili yake ni sifongo wa Japani, iliruhusiwa 2010. Trabektedini ilitoka kwa kiumbe laini anayeganda kwenye mizizi ya mikoko hukohuko Karibi. Na kuna konokono mmoja asiye na kombe la nje, huyo hata Bahari ya Hindi yupo, kemikali yake ndiyo iliyofungua njia ya dawa moja ya kansa ya mitoki.

Basi nikikausha sifongo wa pwani ya Msimbati nikasaga nikanywa, si ndo ileile?
Hapana. Watafiti walivuna tani nzima ya sifongo New Zealand wakaambulia kama gramu 0.3 ya ile kemikali iliyozaa eribulini, haijai hata kijiko cha chai, ndo maana siku hizi dawa yenyewe inatengenezwa maabara. Na ile ya konokono ilikuwa sumu kali mpaka ikabidi waibadilishe na kuibandika kwenye kingamwili inayoipeleka kwenye seli za kansa. Dawa hizi zinapita kwenye mshipa, dozi inapigwa hesabu kwa mwili wa mgonjwa, damu inapimwa kwanza. Sasa kikombe chako cha unga wa sifongo, wa jongoo bahari, wa mwani, kimepimwa na nani?

Na gegedu (mfupa laini) ya papa? Wanasema papa hapati kansa.
Papa anapata kansa. Gegedu yake ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kansa ya mapafu, majibu yakatoka 2010: hawakuishi zaidi ya wenzao.

Uvimbe wa titi hauumi, nikitumia unga wa baharini mwezi mmoja kwanza kuna ubaya?
Upo, mama, tena mkubwa. Usisubiri. Uvimbe wa kansa mara nyingi mwanzoni hauumi, kwa hiyo kutouma sio habari njema, na huo mwezi mmoja mimi naujua, unakuwa miezi sita, halafu mtu anakuja titi limeshapasuka linanuka na kwenye begi ana chupa tatu za unga aliouziwa feri. Nawaomba jamani, msisubiri. Ukiona uvimbe, chuchu imeingia ndani, damu inatoka baada ya tendo au baada ya kukoma hedhi, kidonda hakiponi, nenda kituo cha afya wiki hiihii, sio ukimaliza chupa. Wakate kinyama wapime. Kansa iliyowahiwa mara nyingi inatibika, ileile ikicheleweshwa mara nyingi tunabaki kupunguza maumivu tu.

Hela sina mpaka korosho ziuzwe.
Nalijua hilo, na ndilo linalotuulia watu. Kuanza sio lazima uwe na nauli ya kwenda hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar. Anza na kituo cha karibu, au hospitali ya Ligula, au ya Sokoine kwa ndugu wa Lindi, uonwe uandikiwe rufaa. Kipimo cha kansa ya mlango wa kizazi ni kupaka siki na kuangalia, majibu palepale. Na hela ya zile chupa ilitoka wapi kabla ya msimu?

Nimeshakunywa miezi kadhaa, nikienda niseme?
Sema, na chupa njoo nayo. Unga usiojulikana unaweza kuchosha ini na figo na kugongana na kemo (dawa za kuua seli za kansa), daktari akijua atapima kwanza kabla ya kukuanzishia dawa. Hakuna atakayekufukuza. Ila usirudi nyumbani kuumalizia.