Mabeki 18, Viti Saba: Tunavyojidanganya Kabla ya Msimu wa Raga

Raga ya wachezaji saba, yaani sevens, ikishamaliza mzunguko wake nchini Kenya, mabishano huanza. Prinsloo imechezwa Nakuru, Driftwood Mombasa, Dala Kisumu, na mashabiki wamerudi na majina vichwani. Kombe la Kenya linakaribia, raga ya wachezaji 15, na karibu kila klabu utasikia wimbo uleule: mafowadi, wale wanane wanaosukumana mbele, tuna wasiwasi nao; mabeki, wale saba wa nyuma yao, wamejaa. Nimeuimba mwenyewe misimu kadhaa. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimeshanyamaza.

Nimekusanya hapa yale tunayoyasema sana tukipima upana wa safu ya mabeki, pamoja na yale ambayo uwanja hutujibu.

Dhana: "Tuna mabeki 18. Tutaishiwaje?"

Safu ya mabeki ina viti saba, yaani nafasi saba uwanjani, na viti hivyo havifanani. Nambari 9 anautoa mpira kwenye skramu, pale mafowadi wanaposukumana, na kwenye raki, pale watu wanapougombania mpira ulio chini. Nambari 10 anaamua uende wapi. Nambari 12 na 13 wanashika katikati, 11 na 14 wako pembeni, 15 analinda nyuma. Anayekaa vizuri kwenye kiti kimoja anaweza kuwa mgeni kabisa kwenye kile cha jirani.

Chukua karatasi, chora viti saba, kisha andika kila jina mara moja tu, chini ya kiti ambacho mchezaji huyo amewahi kukianza katika mechi ya ligi. Hilo la "mara moja tu" ndilo sharti gumu. Nilipoifanyia kazi hii klabu ninayoishabikia, nilikuwa na majina 18 na moyo mweupe. Mawinga walitoka saba. Nambari 9 walikuwa watatu, mmoja wao bado anauguza goti. Nambari 10 alikuwa mmoja, na huyo mmoja nilikuwa nimeshamwandika pia kwenye 12 na 15 kabla sijakumbuka sharti langu mwenyewe. Kumbe kikosi kilikuwa kipana pembeni na chembamba katikati, pale ambapo mechi huamuliwa.

Kisha fanya hatua ya pili, ambayo wengi hawaifiki. Futa jina la kwanza kwenye kiti kimoja, uhesabu ni watu wangapi wanalazimika kuhama. Tuseme 10 ameumia: 15 anasogea kuvaa 10, winga mmoja anarudi nyuma kuwa 15, na kijana ambaye hajawahi kuanza mechi ya ligi anatupwa pembeni. Jeraha ni moja, viti vilivyobadilika ni vitatu. Wapinzani watapiga mpira wa juu kwa yule 15 mpya, na akiudaka watampigia mwenzake wa pembeni. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha upana: si majina mangapi yamesajiliwa, ni viti vingapi vinatikisika mtu mmoja akitoka. Timu yenye mabeki 12 ambayo kila pengo linazibwa na mtu wa kiti hicho hicho ni pana kuliko yenye 18 wanaopokezana viti.

Dhana: "Nambari 10 wa pili atapatikana tu. Si mnakumbuka Stephen Donald?"

Tunakumbuka. Mwaka 2011 New Zealand walikuwa wenyeji wa Kombe la Dunia na nambari 10 wao alikuwa Dan Carter. Akaumia kinena mazoezini akipiga mikwaju, kabla ya mechi na Canada. Colin Slade akachukua nafasi, naye akaumia katika robo fainali dhidi ya Argentina. Akaingia Aaron Cruden. Goti likamtoa kwenye fainali kabla ya mapumziko. Wa nne alikuwa Donald, ambaye simu ya kuitwa kikosini ilimkuta akivua samaki. Aliingia na jezi iliyombana tumboni, akafunga penalti kipindi cha pili, na New Zealand wakaifunga Ufaransa 8-7.

Hadithi tamu, na ndiyo maana inasimuliwa vibaya. Inasimuliwa kama bahati: nchi iliishiwa, ikaokota mvuvi mtoni. Lakini Donald alikuwa ameivaa jezi nyeusi ya New Zealand tangu 2008. Slade na Cruden nao waliivaa kwa mara ya kwanza 2010. Yaani wote wanne walikuwa wameshaichezea nchi yao katika kiti hicho kabla Kombe hilo halijaanza. Huo haukuwa muujiza, ulikuwa ni upana uliojengwa kuanzia miaka mitatu nyuma.

Sasa rudi kwenye klabu yako. Nambari 10 wa pili ameanza mechi ngapi za ligi? Kama jibu ni "anafanya vizuri mazoezini", hujajibu.

Kuna jambo jingine linalojificha humo. Katika klabu nyingi 10 huwa na kazi tatu: kuongoza mashambulizi, kuutoa mpira nje ili kupata eneo, na kupiga mikwaju: ya pointi mbili baada ya trai, yaani mpira ukishawekwa chini nyuma ya mstari wa goli, na ya pointi tatu kwenye penalti. Akitoka, zote tatu zinatoka naye kwa mlango mmoja. Si lazima iwe hivyo. Darwin Mukidza wa klabu ya KCB aliwapigia Simbas, timu ya taifa ya wachezaji 15, mikwaju mingi bila kulazimika kuvaa jezi nambari 10 kila mara. Kwa hiyo kwenye karatasi yako ongeza kiti cha nane kisicho na nambari: mpigaji wa pili. Utashangaa ni timu ngapi kiti hicho kiko wazi.

Dhana: "Mchezaji wa kila mahali ni hazina."

Ni hazina kwa dakika 20. Septemba 26, 2015, uwanjani Twickenham, Wales walikuwa nyuma ya England katika Kombe la Dunia na mabeki wao walikuwa wakitolewa mmoja baada ya mwingine, Scott Williams kwa machela. Lloyd Williams, ambaye kazi yake ni nambari 9, akajikuta anacheza winga. Akakimbia pembeni, akapiga mpira kuelekea katikati, na nambari 9 mwenzake, Gareth Davies, akauokota akafunga trai. Wales wakashinda 28-25. Tangu siku hiyo kila kocha mwenye upungufu ana mfano wa kutoa.

Wiki mbili baadaye, uwanja huohuo, Wales walicheza na Australia waliobaki 13 kwa muda baada ya kadi mbili za njano. Hawakupata trai hata moja, wakafungwa 15-6. Sisemi kosa lote lilikuwa la mabeki wa kuazima. Australia walikaba siku ile kama watu waliotukaniwa wazazi. Ila kuziba pengo kwa robo saa na kulishikilia kwa mwezi mzima ni kazi mbili tofauti. Mchezaji wa kila mahali aandikwe benchi. Ukimwandika kama mrithi wa viti vitatu, umemhesabu mtu mmoja kuwa watatu.

Dhana: "Aling'ara kwenye sevens, atang'ara kwenye 15."

Hii ndiyo inayotuponza zaidi huku kwetu, kwa sababu Wakenya tumelelewa na sevens. Tumemwona Collins Injera akiwapita watu kama waliopandwa ardhini. Tumeona Shujaa, timu yetu ya taifa ya sevens, wakiichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016. Jicho letu limezoea kuona nafasi.

Lakini ukubwa wa uwanja ni uleule, na watu wameongezeka kutoka 14 hadi 30. Ile nafasi iliyomfanya kijana aonekane mwanga wa umeme pale Driftwood imejazwa miili. Dakika ni 80 badala ya 14. Winga wa sevens anaulizwa: una kasi? Winga wa 15 anaulizwa hilo, halafu anaulizwa kama anajua lini apande mbele na mstari wa kukaba na lini abaki nyuma kumsaidia 15, kama anaudaka mpira wa juu huku mtu wa kilo 100 anamjia, kama ana subira ya kukaa nusu saa bila kuugusa mpira na bado awe macho. Anayevaa 13 ana mtihani mgumu zaidi, maana pale ndipo mkabaji huchelewa kuamua na mlango ukafunguka. Wapo wanaoufaulu, tena vizuri. Ila ushahidi wa Julai haujibu maswali ya Januari.

Na hata anayefaulu, je, atakuwepo? Dubai na Cape Town, vituo vya mwanzo vya daraja la juu la msururu wa dunia wa sevens, huchezwa Novemba na Desemba, Kombe la Kenya likiwa linaanza au limeshapamba moto. Shujaa walishuka daraja 2023 walipofungwa na Canada, wakarudi 2024. Kurudi huko kulikuwa sherehe ya taifa na maumivu ya kichwa kwa klabu, kwa sababu wanaoitwa Shujaa wengi wao ndio mabeki bora wa klabu. Kwenye karatasi yako wachore mviringo. Kisha hesabu viti bila wao.

Dhana: "Tazama benchi, utajua upana wao."

Benchi ni uamuzi wa siku moja. Wachezaji wa mechi ni 23, wanane kati yao akiba, na sheria inataka mstari wa mbele wa skramu uwe na warithi waliofunzwa kazi hiyo, kwa sababu skramu ikiwekwa watu wasioijua shingo zinavunjika. Basi nafasi tatu zimeshaondoka kabla kocha hajafikiri. Kawaida anabeba mafowadi watano na mabeki watatu.

Afrika Kusini wakaligeuza. Fainali ya Kombe la Dunia 2023 walikaa na mafowadi saba na beki mmoja, Willie le Roux, wakaifunga New Zealand 12-11. Nambari 9 wa akiba hakuwepo kabisa benchi; kama Faf de Klerk angeumia dakika ya tano tungekuwa tunasimulia habari nyingine leo. Wengi walichojifunza hapo ni kwamba beki mmoja anatosha. Waliloliruka ni kwamba uwanjani alikuwepo Damian Willemse, anayeweza kucheza 10, 12 na 15 katika kiwango cha juu, na benchi alikuwepo Kwagga Smith, fowadi aliyeichezea nchi yake sevens kwenye Olimpiki. Ukiwa nao hao, bebeni mafowadi saba. Ukiwa na yule kijana wa jirani yetu anayesema "naweza kujaribu 9", bebeni mabeki watatu wa kawaida.

Dhana: "Mawinga hupatikana kirahisi."

Hii, kwa kweli, si potofu sana. Ukilazimika kuanza na kijana mgeni, mwanzishe pembeni. Atakosea, lakini atakosea mbali na katikati, na kasi itamfichia baadhi ya makosa.

Dhana: "Mechi za kirafiki zimeshatuonyesha."

Mechi ambayo makocha wamekubaliana kubadilisha wachezaji bila kikomo, na nusu ya mafowadi wanatafuta pumzi? Tazama kitu kimoja tu: kocha anawapanga nani 9 na 10 kwa pamoja. Hao wawili huzoeana kama dereva na utingo, na ukimwona 9 wa pili daima yuko na 10 wa kwanza, jua jozi ya akiba haijawahi kucheza pamoja.

Dhana: "Jina likiwa kwenye usajili, mtu yupo."

Yupo Nairobi. Swali ni kama atakuwepo Kakamega Jumamosi mchana, klabu ya Kabras ikiwa nyumbani. Klabu nyingi zina vijana wa chuo wenye mitihani, na watu wazima wenye kazi ambayo haiwapi ruhusa Ijumaa. Timu ya chuo kama Strathmore Leos au Blak Blad hujaza mabeki wapya kila mwaka kwa sababu hiyohiyo ya masomo, na huwapoteza wakihitimu. Sijawahi kuona orodha ya usajili inayoonyesha nani hupanda basi. Katibu wa timu anajua. Muulize yeye kabla ya kumuuliza kocha.

Au amka mapema. Timu za pili za klabu kubwa hucheza Ngao ya Eric Shirley, mara nyingi saa chache kabla ya mechi kubwa, jukwaa likiwa halina mtu ila ndugu wa wachezaji na muuza smokie. Mtafute nambari 10. Usimtazame timu yake ikiongoza. Subiri skramu yao irudishwe nyuma mara mbili mfululizo, mpira utoke mbaya, umfikie miguuni na watu wawili wakimkimbilia. Akiuokota, akaupiga nje mita 30 mbele, kisha akageuka na kuanza kumpangia 12 wake pa kusimama, toa kalamu uandike jina lake kwenye kile kiti kilichokuwa na mtu mmoja.