Virusi vipya vinaweza kuwa mtaani kabla ya mgonjwa kujulikana?

Wizara ya Afya ikisema hakuna maambukizi mtaani, tuamini?

Aminini kwamba hakuna aliyepatikana navyo. Kwamba havipo kabisa, hilo halijathibitishwa. Ugonjwa ukiwa mpya vipimo huwa haba, na anayepimwa kwanza ni aliyetoka ng'ambo au aliyekaa na mgonjwa. Makanga wa Kayole anayekohoa, ambaye hajawahi kupanda ndege, nani atampima?

Imewahi kutokea Nairobi?

Ndiyo, na inafaa tuikumbuke. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni, watafiti walitafuta kingamwili, yaani alama kwamba mtu amewahi kuambukizwa, katika damu ya wachangiaji. Kwa Nairobi, makadirio ya walio nazo yalifika takriban asilimia 7. Jiji lina watu zaidi ya milioni 4, piga hesabu. Visa vilivyothibitishwa nchi nzima wakati huo vilikuwa maelfu machache tu. Virusi vilikuwa vimetutangulia mbali.

Mbona hospitali hazikujaa mara moja?

Wakenya wengi ni vijana, na wengi walioambukizwa waliugua kidogo au hawakuhisi lolote. Aliyepata homa alinunua dawa dukani akaendelea na kazi. Tena, kati ya kuambukizwa na kuzidiwa hupita siku nyingi, hivyo mgonjwa mahututi wa leo anatuonyesha hali ya wiki zilizopita.

Ishara ya kusambaa ni ipi?

Mgonjwa asiyesafiri, asiyejulikana alikoambukizwa. Wakipatikana wawili watatu wasiojuana, mimi nisingesubiri tangazo. Majitaka pia husaidia: mwaka 2018 virusi vya polio vilipatikana kwenye majitaka ya Kamukunji, Nairobi, bila mtoto yeyote kujulikana kupooza, na kampeni za chanjo zikafuata.

Nifanye nini kabla jibu halijapatikana?

Ikiwa ni ugonjwa wa njia ya hewa, fungua madirisha, hata ya matatu, na uvae barakoa ukikohoa. Usiende kumwona nyanya ukiwa na homa. Tafadhali, msimnyooshee kidole jirani aliyerudi kutoka safari, maana anayeogopa aibu hujificha, na akijificha hapimwi.

Ukizidiwa, piga 719, nambari ya Wizara ya Afya, au nenda kituo cha afya. Ukiulizwa kama umesafiri na hujasafiri, usiishie hapo: eleza kazi yako, unakokutana na watu, na nani mwingine nyumbani anaugua.