Mafuta ya upako na yule nyoka wa shaba

Mimi kazi yangu ni kufundisha Agano la Kale kwa watu wanaojiandaa kuwa wachungaji, hapa Goma, na kila mwaka tukifika kwenye ile amri ya Kutoka 20 inayokataza sanamu naona darasa linapumua, juu kila mtu anajua hili somo si lake. Sanamu ni mambo ya Wakatoliki, mmoja anasema. Mwingine anasema hapana, ni mambo ya mababu, hirizi na mizimu. Na Mkatoliki ukimuuliza atakujibu yeye haabudu sanamu, anaheshimu tu. Ule ubishi leo nauacha pembeni, umetusaidia sana kujificha.

Wacha niseme kilichonifanya niandike. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anakaa mtaa wa Majengo, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Usiku mmoja mtoto wake wa miaka minne akashikwa na homa, mwili moto kabisa, anatetemeka. Mama akachukua kichupa cha mafuta aliyonunua kanisani dola 10, kichupa kidogo sawa cha dawa ya kikohozi, mbele kimebandikwa picha ya mchungaji amevaa suti nyeupe, na pale kwenye uso karatasi imeshaanza kukwaruka kwa sababu ndipo kidole chake kinashikaga akiomba. Akampaka mtoto saa tatu, akampaka saa sita, akampaka saa tisa ya usiku. Asubuhi baba yake ndiye alimbeba kwa pikipiki mpaka kituo cha afya, mtoto tayari amekamaa na macho yamepinduka, wakamkuta na malaria kali wakamtundikia seremu, yaani dripu. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini nilipofika kumuona, mama yake akaniambia polepole: "Shemeji, mafuta yalipoteza nguvu, juu sikufunga kifuniko vizuri."

Hilo neno sikulala nalo. Huyu dada anampenda Yesu, anafunga, anatoa zaka kwenye zile falanga za sambaza, na bado usiku mtoto anapokaribia kufa hesabu yake yote iko kwenye kifuniko.

Sasa nenda Hesabu 21. Waisraeli wananung'unika jangwani, nyoka wanawauma, watu wanakufa, na Mungu mwenyewe anamwambia Musa atengeneze nyoka wa shaba amtundike kwenye mti, aliyeumwa akimtazama anapona. Angalia vizuri, ile kitu haikutoka kwa mganga wala haikutoka Misri, iliagizwa na Mungu, na ilifanya kazi, watu walipona kweli. Halafu pita mamia ya miaka, ufungue 2 Wafalme 18, mstari wa 4. Mfalme Hezekia, kijana aliyeshika ufalme na miaka 25, anavunja mahali pa juu, anavunja nguzo, anakata Ashera, sanamu ya mungu mke wa Wakanaani, na kwenye ule mstari uleule anavunja vipandevipande nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa, juu mpaka siku zile Waisraeli walikuwa wanamfukizia uvumba. Yule nyoka akaitwa Nehushtani. Kwa Kiebrania shaba ni nehoshet na nyoka ni nahash, maneno yanakaribiana, na wengi wanaoisoma wanasikia pale mtu anasema: hii ni shaba tu jamani, kipande cha shaba.

Nafikiria kelele iliyopigwa siku ile. "Umevunja kitu cha Musa! Babu yangu aliponea pale!" Na Yesu mwenyewe katika Yohana 3:14 amejilinganisha na yule nyoka, kwa hiyo kilichovunjwa kilikuwa hata na maana ya msalaba ndani yake. Na kilivunjwa, na Biblia inamsifu aliyevunja. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu, usiulize tu hiki kitu kimetoka wapi, uliza sasa hivi kinafanya nini ndani ya moyo wa huyu mama.

Watu wananiletea Yakobo 5:14, kwamba wazee wampake mgonjwa mafuta. Sawa, iko, na mimi nimepaka wagonjwa, na nitapaka tena. Ila soma mstari wa 15, anayeinua mgonjwa ni Bwana, na kinachotajwa ni kuomba kwa imani, mafuta hayatajwi tena. Wengine wananiletea Matendo 19 na zile leso za Paulo zilizopelekewa wagonjwa wakapona. Mstari wa 11 unasema wazi ilikuwa miujiza isiyo ya kawaida, na kuanzia mstari wa 13 kuna wana wa Skewa waliotaka kulitumia jina la Yesu kama fomula, yule mtu mwenye pepo akawapiga wakatoka mbio uchi na majeraha. Ni sura ileile moja. Na Paulo hakuuza hata leso moja.

Nasema hili kwa wachungaji wenzangu, na nasema kwa uchungu. Huko Listra, katika Matendo 14, watu walileta ng'ombe ili wawatolee Paulo na Barnaba sadaka, na wale wakararua nguo zao wakaingia katikati ya watu wakipiga kelele kwamba sisi ni wanadamu kama ninyi. Sisi tunaagiza stika zenye picha zetu. Picha yako iko kwenye chupa, kwenye bangili, kwenye kioo cha pikipiki, na hujararua hata shati.

Hapa Goma tuna somo jingine. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na moto ukashuka mpaka Buhene, pembeni ya mji, baadaye nilisikia ushuhuda kwamba parseli fulani, yaani kiwanja na nyumba yake, ilibaki kwa sababu walimwaga mafuta kwenye kona nne. Lakini na ndugu walioomba Buhene na nyumba ikaungua? Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji ikala hata kathedrali. Lava haikuuliza nani amepaka nini. Ukisema mafuta ndiyo yalilinda nyumba yako, yule jirani aliyeunguliwa na lava umeshamhukumu, na Mungu umemgeuza mlinzi anayelipwa kwa chupa.

Kuna sanamu nyingine ambazo hazina stika. Paulo anaita tamaa ya mali ibada ya sanamu, Wakolosai 3:5, hapo sina la kuongeza. Kabila nalo, na hili tunaliogopa kulitaja: tunaimba pamoja asubuhi, mchana ikifika kazi ya kugawa ao kura ya kupiga, damu inasema kwanza na Yesu anasubiri nje. Kipimo ninachotumia mimi mwenyewe ni hiki, hiki kitu kikipotea usiku wa leo, nitaogopa nini? Nikiona naogopa kama mtu aliyeachwa na Mungu, basi nimejua nilikuwa nimeegemea wapi.

Shemeji nilikaa naye mara tatu tukisoma ile 2 Wafalme. Sikumnyang'anya kichupa, hofu haitoki kwa kunyang'anywa. Wiki ya pili alifika nyumbani akakiweka mezani, akasema mchukue mkaangie. Mke wangu alikaangia sambaza, tukala sote na mtoto, naye anapenda vichwa.

Bangili yake yenye picha ya mchungaji bado anaivaa. Tunaendelea kuongea.