Je, wajua kwa nini dawa ya gauti (jongo, ule ugonjwa wa maungio kuvimba) inaweza kuamsha gauti yenyewe?

Hii inachanganya watu kweli. Mtu kapimwa, kaambiwa yuriki asidi (taka ya mwili inayotolewa na figo) iko juu, kapewa alopurinoli, anameza wiki mbili tatu halafu usiku kidole gumba cha mguu kinavimba, kinawaka, hata shuka likigusa tu anapiga yowe. Asubuhi anasema dawa feki hii, anaitupa. Kumbe ndo ilikuwa imeanza kazi!

Iko hivi. Yuriki asidi ikizidi kwenye damu, kuanzia kama miligramu 6.8 kwa desilita, inaanza kuganda kwenye maungio, inakuwa vichembe vyenye ncha kama sindano, na vinaweza kukaa humo miaka vimetulia. Alopurinoli inapunguza utengenezaji wa asidi hiyo, sasa kiwango kikishuka vichembe vinaanza kuyeyuka na kumomonyoka, vile vinavyochomoka vinaamsha kinga ya mwili, mguu huo unavimba upya.

Ndo maana daktari anaanza na dozi ndogo, mara nyingi miligramu 100 kwa siku au chini ya hapo kama figo zina shida, anapandisha taratibu huku anakupima damu mpaka ishuke chini ya 6. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo anaweza kukuongezea kolchisini kidogo ya kuzuia maumivu yasiibuke. Kolchisini sio ya kubugia jamani, ikizidi kidogo unaharisha, ikizidi sana inaua, na ukiandikiwa antibayotiki kama klarithromaisini sema kwanza kwamba unaitumia.

Kwa hiyo maumivu yakija katikati ya dozi, alopurinoli unaendelea nayo, maumivu yanatibiwa kivyake. Sio kukimbilia dawa za maumivu kama diklofenaki famasi kila siku, zile zinaumiza figo na tumbo.

Kuna dalili zisizotaka subira, hasa upele. Ukitokwa na upele, homa au vidonda mdomoni, acha alopurinoli siku hiyohiyo uende hospitali, maana kwa wachache mwili unaikataa vibaya mno.

Halafu kliniki nenda na dawa zako zote, hasa za presha. Zile za kukojosha kama haidroklorothiazaidi zinapandisha yuriki asidi. Usiziache mwenyewe, mwachie daktari aamue kama atabadilisha, ila unaweza kukuta nyama choma imesingiziwa nusu ya kesi.