Mtoto hapatikani na anayepimwa ni mke tu? Maswali na majibu

Kuzaliana kwa jike na dume maana yake nini hasa?
Viumbe wawili kila mmoja anatoa nusu ya jeni (maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli), nusu zikiungana anaanza kiumbe mpya. Kwa binadamu yai la mwanamke lina kromosomu (vifurushi vya jeni) 23 na mbegu ya mwanaume ina 23, jumla 46. Nusu kwa nusu. Shika hapo, tutarudi.

Kwani lazima wawe wawili?
Siyo wote. Bakteria wanajigawa tu, wengine wakipata joto na chakula kizuri mmoja anakuwa wawili ndani ya dakika kama 20. Shida ni kwamba wote wanakuwa karibu nakala moja, sa ukija ugonjwa unaomuweza mmoja unawafagia wote. Jeni zikichanganywa kila mtoto anatoka tofauti kidogo, vimelea vya magonjwa vinapata kazi ngumu kuwaweza wote, na jeni mbovu zinachujika kirahisi zaidi. Hizo ndo sababu zinazotajwa sana na wanasayansi, na utaratibu wenyewe una zaidi ya miaka bilioni 1 duniani.

Yai na mbegu zilianzaje kutofautiana?
Inaaminika mwanzoni seli za uzazi zilikuwa saizi moja, kuna mwani mpaka leo uko hivyo. Halafu upande mmoja ukawekeza kwenye akiba ya chakula, likawa yai, upande wa pili ukaenda kwenye wingi na mbio, ikawa mbegu yenye mkia. Mbegu ikiwa haiogelei, haifiki.

Ila si kuna wanyama jike anazaa peke yake?
Wapo, kuna aina za mijusi huko Marekani ni majike watupu, wanataga na mayai yanaanguliwa bila dume yeyote. Sisi siyo mijusi.

Basi kwa nini nikikosa mtoto napimwa mimi tu, mume wangu anasema yeye mzima?
Hapa ndo nilipokuwa napataka, kwenye ile nusu kwa nusu. Kila siku napokea dada kaja na faili nene, ultrasaundi zipo, homoni zipo, kipimo cha mirija kipo na maumivu yake yote, pembeni chupa ya dawa ya "kusafisha kizazi" aliyouziwa na mtu asiyemjua, ukiuliza majibu ya mbegu za mume, hakuna hata karatasi moja. Karibu nusu ya kesi za kukosa mtoto upande wa mwanaume unahusika, yeye peke yake au pamoja na mke. Mume apimwe. Na apimwe mwanzoni, siyo baada ya miaka mitano ya kumtesa mwenzake.

Lakini nguvu za kiume ninazo, kitandani niko vizuri.
Hongera kaka, ila hicho siyo kipimo. Kusimamisha ni kitu kingine na mbegu ni kitu kingine kabisa, unaweza kuwa fiti na majimaji yakatoka vizuri tu, chini ya darubini hamna mbegu hata moja. Kwa macho huoni. Nenda kapime.

Nina mtoto niliyezaa zamani, bado nipime?
Bado. Gono au klamidia (magonjwa ya zinaa) isiyotibiwa inaweza kuziba njia za mbegu, sigara inazipunguza, na sindano za testosteroni (homoni ya kiume) za kujaza misuli zinaweza kuzima kabisa utengenezaji wake (vijana wa gym mnanisikia?). Mtoto wa miaka kumi iliyopita siyo majibu ya leo. Kapime.

Tusubiri muda gani?
Mwaka mmoja wa kukutana mara kwa mara bila kinga. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, miezi 6 tu, maana mayai hayaongezeki, alizaliwa nayo yote. Hedhi zikiruka ovyo au korodani ziliwahi kuumia, msisubiri hata hiyo. Hospitali, tena wawili.

Kipimo chenyewe kinauma?
Hakiumi, hakuna sindano. Unakaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, unajichua mwenyewe kwenye kikopo cha maabara, usitumie kondomu ya kawaida wala mate, sampuli ifike ndani ya saa 1, usiimwage nusu ukanyamaza. Majibu yakiwa mabaya unarudia baada ya wiki kadhaa, kwa sababu mbegu zinachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, na homa kali ya mwezi jana inaweza kuwa imeziharibu.

Mume akigoma kabisa?
Mwambie daktari anataka kuwaona wote. Nakuruhusu unisingizie mimi.